Hasira Hii Si ya Betri

Siku mama alipofariki, niliyasikia maji yake ya mwisho kupitia ukuta wa jiko. Upande wa pili wanawake walikuwa wakimuosha, na mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nimekaa juu ya gunia la viazi vya Mudende, mlango umefungwa kwa nje, karai la maji likiwa miguuni pangu. Karai hilo aliniwekea wifi yangu, mke wa kaka. Alisema, "Shika, wifi. Cheza na maji yako," kisha akageuza ufunguo.

Nitaeleza ilikuwaje, na nitaeleza taratibu, maana ugonjwa wangu watu huuelewa haraka na huuelewa vibaya.

Sisi ni Waislamu wa hapa mjini Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma, watu wa biashara ndogondogo tangu enzi za babu. Mimi na kaka tulikulia Kigoma, tukarudi tukiwa watu wazima. Yeye akafungua duka la vitambaa, mimi nikaweka cherehani barazani. Akaoa mwanamke wa Goma, hodari wa biashara na hodari wa maneno. Nyumba zetu zilikuwa kwenye uwanja mmoja, na uwanja ulikuwa na bomba moja. Pale bombani ndipo ugonjwa wangu ulipojulikana na kila mtu kabla haujapata jina.

Natawadha kwa ajili ya sala. Nimefika mguu wa kushoto, wa mwisho, na maji yamepita juu ya kisigino. Macho yameona na ngozi imehisi baridi. Hapo linakuja swali: kisigino kimepata maji kweli? Naosha tena. Swali linarudi. Ndani ya kichwa cha mtu asiye na ugonjwa huu kuna sehemu inayosema "basi, imetosha", na mtu huyo hata hajui kwamba anayo, jinsi inavyofanya kazi kimya kimya. Yangu ilikuwa bubu. Fikiria kengele ya mlango iliyokwama: mgeni ameshaingia, ameshakaa, anakunywa chai, na kengele bado inalia. Huwezi kuizima kwa kumwonyesha mtu kwamba mgeni yuko ndani. Nilijua kwamba kisigino kimeosheka. Kujua hakukunisaidia chochote.

Hali hii sisi tunaiita wasiwasi, na kila mtu alidhani dawa yake anaijua. Imamu alinishauri vizuri: shaka likija, lipuuze, endelea na sala. Ni ushauri sahihi kwa mtu mwenye shaka la kawaida. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kuwa na wasiwasi kama nimelipuuza sawasawa. Alfajiri ilinipita nikiwa bombani. Ngozi ya vidole ilipasuka, sindano ikawa haishikiki. Nikishona mshono nilikuwa naufumua nione kama umeshika, na wateja wakahamia kwa mafundi wengine.

Wifi yangu aligundua mapema kwamba sihitaji kusukumwa sana. Wageni wakiwepo uwanjani, nikiwa nimeshamaliza na nimeshavaa ndala, alikuwa akiniuliza kwa sauti tamu, "We wifi, kisigino umeosha kweli? Una hakika?" Nami nilikuwa nageuka, navua ndala, nafungua bomba. Wageni wanacheka. Naye anawaambia, "Muliona? Nilisema nini?" Kama mtu anayeonyesha kasuku wake anavyozungumza.

Kaka hakuyaona hayo. Yeye alikuwa dukani. Jioni alinikuta nimechoka, akaniuliza nini, nikasema kichwa.

Basi, mama akafa asubuhi moja baada ya kuugua. Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ana haki ya kwanza kusimama karibu. Waoshaji wa msikitini walikuja na vitu vyao: kafuri, pamba, majani ya mkunazi, sanda. Nilitawadha ili niingie nao. Nikarudi bombani. Nikarudi tena. Walikuwa wamesimama mlangoni wakinisubiri, na nadhani wangenisubiri, kwa sababu walikuwa watu wema. Wifi akawaambia, "Huyu? Mukimuacha aoshe mama, tutamuzika kesho kutwa."

Wakacheka. Si sana. Ni kile kicheko cha msibani kinachomtoka mtu kwa uchovu. Lakini walicheka, na waliingia, na mimi nikashikwa mkono nikapelekwa jikoni. Ufunguo nimeshausimulia.

Nilisikia maji yakimiminwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha kimya. Nilikuwa na karai mbele yangu na nitasema jambo ambalo nalijua mimi peke yangu: sikuligusa. Ilikuwa siku pekee katika miaka ile ambayo sikugusa maji yaliyokuwa karibu nami.

Aliponifungulia, mama alikuwa ameshatolewa nyumbani. Nje, mbele ya wanaume, wifi alikuwa ameshatoa maelezo yake: mimi mwenyewe nilikataa kumgusa mama kwa sababu ya kinyaa. Kaka alinitazama jinsi mtu anavyomtazama jirani aliyemwibia. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Aliacha tu kulitaja jina la mama mbele yangu, na tangu siku hiyo mimi na kaka hatukuzungumza tena habari za mama, sisi watu wawili tuliobaki duniani tunaokumbuka sauti yake.

Nililolitaka tangu hapo ni hili: kaka ajue ukweli. Pia nilitaka wifi aumie. Sitaficha la pili ili la kwanza lionekane zuri.

Matibabu niliyaanza Kigali, kwa daktari wa akili aliyenipa jina la ugonjwa na kunieleza kwamba si shetani wala si uchafu wa moyo. Nilimeza vidonge, nikabadilishiwa, nikaongezewa. Nilifanya mazoezi magumu na mshauri: gusa sakafu, kisha kaa, usioshe, acha hofu ipande mpaka ishuke yenyewe. Watu wengi hupona kwa njia hizo, na kama wewe unayesoma hapa mikono yako imepasuka kwa sabuni, anzia huko, na usikate tamaa mapema. Mimi nilijaribu kwa miaka. Nilipata nafuu kidogo, nikaipoteza. Ndipo daktari akaniambia kwamba kwa wagonjwa wachache walioshindikana kabisa iko njia nyingine, lakini iko mbali, na ni ya kufungua kichwa. Niliuza shamba la Rugerero nililoachiwa na mama, nikaenda India.

Watu huniuliza kuhusu operesheni kwa kunong'ona, kwa hiyo acha niieleze kwa sauti ya kawaida. Hutoboa matundu mawili madogo kwenye fuvu. Kupitia hapo huingiza nyaya nyembamba mpaka ndani kabisa, kwenye njia ambayo swali lile hupita likizunguka bila kutoka. Nyaya zinashuka chini ya ngozi, nyuma ya sikio, mpaka kifuani, na hapo chini ya mfupa wa mtulinga huwekwa betri, ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Betri inatuma umeme kidogo sana, mchana na usiku. Haukuchomi. Huusikii. Hakuna kumbukumbu inayofutwa na hakuna wazo linalotiwa. Kazi yake ni kulegeza fundo.

Kwa sehemu ya operesheni nilikuwa macho. Mkalimani wangu alikuwa Mswahili wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi hospitalini hapo, mtu mcheshi, na alikaa karibu na uso wangu amevaa kofia ya karatasi. Walipowasha umeme kwa kujaribu, nilitabasamu bila sababu. Daktari akasema kitu, mkalimani akaniuliza, "Dada, anauliza unajisikiaje."

"Kama mtu amefungua dirisha," nilisema.

"Na anauliza ukipona unataka kufanya nini kwanza."

Wengine, nadhani, husema wanataka kulala, au kuwashika watoto wao. Mimi nilisema, "Kuosha maiti."

Mkalimani alinitazama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Haukuwa muujiza wa siku moja. Miezi ilipita wakipandisha umeme na kuushusha, nikicheka ovyo wiki moja, nikikosa usingizi wiki nyingine. Shaka bado linakuja hata leo. Tofauti ni kwamba sasa linakuja kama mtu anayepita barabarani: namwona, anapita. Nilirudi Gisenyi na kikadi kinachoeleza nilichonacho mwilini, maana milango ya ukaguzi siruhusiwi kuipita, na nikivuka kituo cha mpaka cha Grande Barrière kwenda Goma kununua vitambaa, askari hukisoma, hunitazama kifua kwa heshima ya ajabu, na kunipitisha pembeni. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilitawadha mara moja. Wifi alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga. Aliniuliza kwa mazoea, "Kisigino umeosha kweli?" Nikamwambia, "Nimeosha," nikavaa ndala, nikaingia ndani, na nyuma yangu sikusikia mtu akicheka.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa kiongozi wa waoshaji. Alikuwa hajati mnene mwenye mzaha, aliyekuwa akiuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni kabla miguu yake haijaanza kuvimba.

"Wewe?" alisema. "Wewe wa bombani?"

"Mimi wa bombani. Nifundishe."

"Watu hunijia wakitafuta thawabu. Wewe uso wako si wa thawabu."

"Kuna mtu nataka anione nikifanya kazi hii."

Alicheka mpaka akashika kiti. "Haya. Maiti hajali umekuja kwa nia gani, bora usimmwagie maji ya moto. Beba ndoo."

Akanifundisha. Funika mwili, usiache hata goti wazi. Maji ya uvuguvugu, ujaribu kwa ndani ya kiwiko. Anza upande wa kulia. Osha mara tatu, na mara ya mwisho tia kafuri. Tatu zikitosha, acha. Hapo kwenye "acha" alinikazia macho, na mimi niliacha. Kila nilipoacha nilimfikiria wifi. Nilikuwa na mikono mizuri, kila mtu alisema hivyo, na hakuna aliyejua ni kitu gani kilichokuwa kikiipa utulivu. Miguu ya hajati ilipozidi kuvimba, aliniachia kazi.

Mama mzazi wa wifi alikuwa amehamia kwa binti yake akitokea Goma. Bibi mpole. Sikuwa na neno naye. Alipofariki, wifi mwenyewe alikuja barazani kwangu, kanga kichwani, macho yamevimba. Nilikuwa napinda suruali ya mteja.

"Wifi," alisema. "Mama ameenda. Hajati anasema ni wewe."

"Pole," nilisema. Nikapinda mguu wa kwanza wa suruali. Nikapinda wa pili. Nikakata uzi, nikakunja suruali, nikaiweka rafuni. Alisimama muda wote huo akinisubiri. Ndipo nikavaa viatu.

Wasaidizi wangu walikuwa wale wale wa siku ya mama yangu. Ningeweza kumfungia wifi jikoni. Nilikuwa nimeliota jambo hilo mara nyingi, nikiwa na ufunguo mkononi. Lakini nilitaka anione. Nikamwambia, "Ingia. Wewe utamimina maji."

Nilimuosha mama yake vizuri. Nasema hivi kwa sababu najua utaniuliza. Hasira yangu haikufika mikononi. Yule bibi alipata kila haki yake. Nikaosha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kafuri. Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kumkaushia.

"Bado," alisema wifi.

"Imetosha."

"Upande wa kushoto sikuona maji ikipita. Kisigino. Rudia, wifi, mara moja tu." Alikuwa analia. Alikuwa ameshainua jagi. "Una hakika? Una hakika iko safi?"

Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa mtoto asiyetaka mama yake afunikwe. Nilielewa kabisa, na ningeweza kumrudishia maji mara moja zaidi, sheria ingeniruhusu. Nikamtazama machoni, nikasema kwa sauti ya chini, na kwa Kiswahili chake cha Goma, "Tukikuacha wewe uoshe mama, tutamuzika kesho kutwa."

Jagi lilianguka. Mmoja wa wasaidizi akasema, "Subhanallah," kisha akainamisha kichwa, maana alikuwa ameyakumbuka maneno hayo na mahali alipoyasikia. Nikamkausha bibi, nikamvisha sanda, tukamaliza.

Ningependa kukuambia kwamba nilijisikia vibaya. Nilikwenda nyumbani nikala wali sahani mbili.

Kilichoniharibia ni jioni yake. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, wanaume wamekaa nje mlangoni, kaka akiwa karibu na kizingiti. Nilikuwa naingia na birika la chai nikamsikia wifi akiwaambia wenzake, kwa upole, kama mtu anayenitetea, "Musimuchukie. Si yeye iko nasema. Ni ile betri. Walimutia kuranti mu kichwa, donc hajui kenye iko nasema." Yaani nimetiwa umeme kichwani, hivyo sijui ninachosema. Na wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma. Masikini. Betri.

Nikaweka birika chini.

Naomba unifuate hapa, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe. Miaka yote nilipokuwa mgonjwa, nikilia walisema ni ugonjwa, nikikasirika walisema ni ugonjwa. Nimefunguliwa kichwa ili niwe mtu ambaye neno lake ni lake. Na sasa kisasi changu, kitu nilichokitunza na kukilea kwa miaka, alikuwa anakichukua na kuipa mashine.

Nilivuka uwanja, nikachukua kidude changu cha kuongozea betri, kinachofanana na rimoti, nikarudi. Nikakiweka kifuani mbele yao wote. "Hapa taa ya kijani maana yake inafanya kazi," niliwaeleza, kama ninavyowaeleza wateja wangu kipimo. "Sasa nazima." Nikabonyeza. Taa ikazimika. "Imezimwa. Sasa humu ndani niko peke yangu."

Wanaume wa mlangoni wakageuka kutazama.

"Wifi," nikasema, "tukikuacha wewe uoshe mama, tutamuzika kesho kutwa. Nimelisema mimi. Sasa waambie nimelitoa wapi."

"Washa," alisema. "Wifi, washa hiyo kitu. Utaumwa."

"Waambie kwanza."

Daktari alikuwa amenionya: ikizimwa, huzuni hutangulia, wasiwasi hufuata. Alisema kweli. Nilihisi kama mtu amefunga lile dirisha. Chumba kikawa kizito, nyuso zikawa mbali. Kutoka uwanjani nilisikia bomba likidondosha matone, bomba ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu. Nilikaza miguu sakafuni.

"Wifi, tafadhali," alisema. "Bon. Nilisema mimi. Siku ya mama yenu. Nilisema hivyo mimi."

"Na jikoni nani alinifungia?"

Akamtazama mume wake mlangoni. Kaka alikuwa amesimama.

"Mimi," alisema wifi.

"Nilikataa kumgusa mama?"

"Hapana."

"Sema kwa sauti."

"Hakukataa!" alipiga kelele. "Alilia. Alibisha mlango. Washa sasa, mutu wa Mungu, washa!"

Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuuliza kama kweli nimekishika kidude sawasawa. Nikabonyeza. Taa ya kijani ikarudi. Dirisha halikufunguka mara moja. Nilibaki na giza lile mpaka baadaye, na nililipokea kama gharama halali.

Kaka aliondoka mlangoni. Kesho yake alfajiri aligonga mlango wangu. Tulitembea hadi makaburini, na njiani, kwa mara ya kwanza tangu mama azikwe, aliniuliza, "Unakumbuka alivyokuwa akituita kutoka uani tukichelewa?" Nikamwigizia sauti. Alisimama katikati ya barabara akalia, pikipiki zikitupita pande zote mbili.

Daktari wa India nilimpigia kwa video. Alinigombeza vikali kwa kuzima, na wewe nakuomba usinifuate katika hilo. Nikamwuliza kupitia mkalimani kama hasira yangu inaweza kuwa ya betri, na kama iko namna ya kuipunguza. Alichukulia swali kwa uzito, akaniuliza kuhusu usingizi, kuhusu kununua vitu ovyo, kuhusu kucheka. Mkalimani akanitafsiria jibu huku akizuia tabasamu: "Anasema umeme uko sawa, dada. Hiyo nyingine ni yako."

Nilimshukuru sana.

Sijamsamehe wifi, na yeye hajaniomba. Tunaishi. Siku za sikukuu tunakula pamoja, na yeye ndiye anayepika, kwa sababu kwa mapishi hana mpinzani. Huniletea sahani yangu mwenyewe, huiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Wageni wakiwepo, mimi humtazama, nikamwuliza kwa sauti tamu kabisa, "Wifi, mchele umeosha kweli? Una hakika?"

Huichukua sahani, akarudi nayo jikoni kuosha mchele mwingine. Kaka huinamia chakula chake, haingilii. Mimi nasikia maji kupitia ukuta, nangoja, na chakula kikirudi nakula chote.